Ukuta Niliopaka Chokaa

Mimi ni mtu wa kinyaa, na sioni sababu ya kuficha. Tangu utotoni, nikikuta unywele mmoja kwenye ugali, siku hiyo mlo wangu umeishia hapo. Nilizaliwa Same mjini, jirani na reli, katika nyumba ya sakafu ya saruji ambayo mama yangu aliipiga deki kila asubuhi kabla ya chai. Mboga kwetu ilinunuliwa sokoni, ikiwa katika fungu, imefungwa kwa kamba ya mgomba. Ilitoka wapi kabla ya hapo halikuwa swali langu. Kwa hiyo nilipoolewa huko juu milimani, Upare ya Kusini, miaka ile Uhuru ungali mpya na watu wameanza kuzungumza habari za Ujamaa, niliingia nyumba ya mama mkwe wangu nikiwa na sanduku moja, cheti cha maarifa ya nyumbani, na pua.

Mume wangu alikuwa karani katika shamba la mkonge huko chini tambarare. Alipanda kuja kutuona mara moja kwa mwezi, akalala siku mbili, akashuka. Siku zote nyingine tulikuwa wawili, mimi na mama yake, pamoja na ng'ombe mmoja aliyefungwa zizini, hatua nane kutoka mlango wa jiko. Nilizipima hatua zile mwenyewe. Nzi hawakuhitaji hata nane.

Jiko ndilo lililonishinda. Lilikuwa kibanda cha fito na udongo, cheusi kwa moshi ndani, na ukuta wa upande wa mafiga ulikuwa umebandikwa mavi ya ng'ombe. Sisemi ulisiribwa, maana kusiriba nyumba kwa mavi na udongo nilikujua, hata mjini wapo waliosiriba. Huu ulibandikwa. Vipande vya duara, kila kimoja ukubwa wa kiganja, vimepangwa kuanzia usawa wa kiuno hadi karibu na paa, na juu ya kila kipande alama za vidole vitano vya mama mkwe wangu. Vingine vilikuwa vya kijani bado, vingine vimekauka na kupauka kama ngozi ya kisigino. Kimoyomoyo nikaviita chapati, na kwa ujinga wangu huo nikajiharibia hamu ya chapati za kweli mwaka mzima.

Kazi yenyewe aliifanya mchana, baada ya kutoa samadi zizini. Aliingia na karai la mavi mabichi, akaongeza majivu, akachuchumaa, akaanza kukanda. Mimi hapo nilikuwa nimeshafika nje. Nilisimama nyuma ya migomba nikitema mate, nikisikia jinsi yanavyopigwa ukutani, pwa, pwa. Baadaye alinawa, siwezi kumsingizia. Alinawa kwa maji ya kata moja na majani, halafu akashika mwiko. Mimi niliangalia kucha zake. Nilikula makande yake nikiwa nimefumba macho, na mara nyingine nilishindwa, nikakimbia na mkono mdomoni. Majirani wakaanza kunitazama tumbo wakitabasamu. Mmoja akaniletea hata ndizi mbivu za mjamzito. Mimi sikuwa na mimba yoyote, nilikuwa na kichefuchefu cha mama mkwe.

Sikumuuliza hata siku moja vile vipande ni vya nini. Niliona labda ni kuni za siku za mvua, au labda ni uchafu tu wa mtu aliyezoea. Mbegu za maharage nilijua anaziweka wapi: zilikuwa kwenye kibuyu darini, zimechanganywa na majivu, kimezibwa kwa gunzi. Nikajiambia kwamba mbegu za nyumba hii zote zimo humo, basi.

Na bustani yake sikuweza kuibeza. Ilikuwa nyuma ya nyumba, chini kidogo ya migomba, ikipata maji ya mfereji uliotoka kwenye ndiva, lile bwawa ambalo watu wa kule wamelichimba na kulitunza tangu enzi za babu zao ili wagawane maji kwa zamu. Alikuwa na mchicha, mnavu, matango, na zaidi ya yote boga lake. Boga lile lilikuwa la kijani kilichoiva karibu kuwa cheusi, lina mifereji mirefu, gumu kulipasua hata kwa panga. Ndani lilikuwa la rangi ya machungwa, kavu, tamu, halina maji maji. Alilipandisha darini, likakaa hadi mvua za mwaka unaofuata bila kuoza. Majani yake machanga aliyatoa nyuzi, akayapika kwa maziwa, na hiyo ndiyo mboga pekee ya nyumba ile niliyoila macho yakiwa wazi. Katika miezi ya kiangazi, wenzetu walipokuwa wakila ugali kwa chumvi, sisi tulikuwa na boga.

Siku moja tukichuma majani akaniambia, bila kuinua uso, "Mbegu hii nilikuja nayo kutoka kwa mama yangu nilipoolewa. Sijampa mtu. Itakuwa yako."

"Asante, mama," nikasema, nikiwaza kile kibuyu.

Mwaka uliofuata kijiji chetu kikatangazwa kuwa cha Ujamaa, tukapata katibu. Alikuwa kijana mwenye kalamu mbili mfukoni, na viatu ambavyo hadi leo sijui alivifanyaje visishike matope ya kule. Akaitisha mkutano. Akasema mgeni mkubwa atatoka Same kuja kukagua maendeleo, hivyo kila jiko lipakwe chokaa ndani na nje, na kila kaya ipeleke debe mbili za samadi kwenye bustani mpya ya kijiji. Wazee wakaguna. Mimi nusura nipige vigelegele peke yangu. Baada ya mwaka mzima wa kutema mate, hatimaye alikuwa amepatikana mtu mmoja mlimani anayewaza kama mimi.

Wiki hiyo hiyo mama mkwe akapata habari kwamba dada yake anaumwa huko Ndungu. Akafunga mzigo wake, akashuka. Aliniachia ng'ombe na nyumba.

Nilianza kesho yake. Nilifunga kanga puani, nyingine kichwani, nikachukua jembe lililovunjika mpini, nikaingia kwenye ukuta ule kwa hasira ya miezi kumi na mbili. Vipande vilibanduka vikaanguka, vingine vikapasuka, vumbi lake likapenya kanga likaniingia mdomoni. Buibui walikimbia, mende walikimbia, mimi nilikuwa nakwangua huku nimegeuza uso pembeni. Sikutaka kuangalia. Nakumbuka hilo vizuri kuliko jambo lolote la siku ile: kazi nzima niliifanya nikiwa nimegeuza uso. Niliyazoa yote kwa koleo. Zikajaa debe mbili kamili, sikuhitaji hata kwenda zizini.

Nilipozifikisha bustanini, katibu akaniandika kwenye daftari lake, akawaambia wanawake waliokuwepo, "Mnaona ndugu huyu? Ndiye mfano." Nilirudi nyumbani nimebeba madebe matupu na kichwa kimenivimba. Nikachanganya chokaa, nikapaka mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu. Jioni nikasimama mlangoni nikatazama jiko jeupe, na nikajisikia kwa mara ya kwanza kwamba ninaishi pale.

Mama mkwe alirudi siku ya sita, ana mzigo wa mchele kichwani.

"Shikamoo, mama. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Marahaba. Anajitahidi." Akatua mzigo, akaingia jikoni. Akasimama. Nilikuwa nyuma yake nikisubiri sifa zangu. Akaweka kiganja chake ukutani, akakitoa, akakitazama kilivyokuwa cheupe.

"Vilivyokuwa hapa viko wapi?"

"Nimevipeleka samadi, mama. Bustani ya kijiji. Debe mbili zilitimia."

Akakaa kwenye kigoda. Alikaa polepole, kama mtu anayeogopa kwamba kigoda nacho kimeondolewa. "Zile zilikuwa mbegu," akasema.

"Mbegu gani?"

"Za boga. Za matango. Za mchicha. Kila kimoja nilitia mbegu ndani. Ukifika wakati wa kupanda, nabandua, nafukia hivyo hivyo na samadi yake."

Nikauliza, kwa sauti ambayo leo ningeizaba kibao, kwa nini asiziweke kwenye chupa au kwenye kibuyu kama watu.

"Kibuyu panya anatoboa. Mbegu ya boga anaipenda kuliko maharage. Haya hayagusi." Akanitazama tangu utosini hadi unyayoni. "Panya ana kinyaa, mwanangu. Kama wewe."

Hakupiga kelele, na hakumwambia mwanawe. Afadhali angenitukana. Aliniambia hata kwamba ukuta umependeza. Mvua zilipokuja akapanda maharage yake ya kibuyuni, na sehemu ya maboga akaiacha wazi, maana boga la mwisho la darini tulikuwa tumeshalila, na mbegu zake nazo zilikuwa ukutani. Nilikwenda kwa majirani wanne kuomba mbegu. Walinipa, kwa moyo mweupe, za maboga yao, yale ya manjano ya maji maji yasiyomaliza miezi miwili darini. Mama mkwe akazipokea, akashukuru, akaziweka kwenye kikombe. Hakuzipanda. Kila asubuhi nilipita kwenye ile ardhi tupu nikienda kuchota maji, na nilijiona mchafu, mimi na sabuni yangu.

Bustani ya kijiji ilipandwa kabichi. Mbegu zililetwa ndani ya kopo lenye picha ya kabichi kubwa mno, na kopo lenyewe katibu alilibeba kwapani siku mbili kabla ya kuruhusu mtu alifungue. Mbegu zilikuwa zimetiwa dawa ya rangi ya waridi, zikinuka hadi macho yakawasha. Tulizipanda kwa kamba, mstari kwa mstari. Zilichipua nyembamba, na kabla hazijafikisha majani manne viwavi walikuwa wameshapata habari. Viwavi wa kijani, laini, wanene, waliopasuka ukiwakanyaga. Sitaki kuwaeleza zaidi.

Lakini katikati ya kabichi zile, wiki ya tatu, pakaanza kuchomoza kitu kingine. Kilichomoza kwa mafungu, popote palipoangukia bonge la samadi: majani mawili mazito, yameinua udongo begani. Niliyatambua kabla sijainama. Nilikwenda nyumbani nikikimbia, mwanamke mzima, kanga mkononi.

"Mama, yameota! Maboga yako yameota bustani ya kijiji!"

Alikuwa akipepeta mahindi. Ungo ulisimama kidogo, ukaendelea. "Yako mangapi?"

"Mengi. Hayahesabiki."

"Kesho kutwa ni siku ya kazi," akasema. "Tutayaona."

Siku ya kazi katibu alitupanga mbele ya bustani. Mgeni wa Same alikuwa anakuja wiki hiyo, na katibu alikuwa ameshika kitambaa cheupe chenye manukato, akikipeleka puani kila upepo ulipotoka upande wa lundo la samadi. Akaonyesha kwa kalamu. "Hayo yote yasiyo kwenye mistari yang'olewe. Yatupwe kwenye shimo la mboji."

"Ndugu Katibu," nikasema, "hayo ni maboga."

"Naona kwamba ni maboga. Nani kayapanda?"

"Hayakupandwa. Yameota."

"Kama hayakupandwa ni magugu. Mpango wetu ni kabichi."

"Basi tuchukue miche nyumbani, badala ya kuitupa."

Akacheka, akawageukia wengine ili wacheke naye. "Kilichoota kwenye shamba la kijiji ni cha kijiji. Hakiondoki kwenda kwa mtu binafsi. Huo ndio ubepari wenyewe tunaoupiga vita."

Hakuna aliyecheka, lakini hakuna aliyebisha pia. Tukainama. Mama mkwe wangu alikuwa mstari wa pili kutoka kwangu, na niliona mikono yake. Aling'oa boga la mama yake mche mmoja baada ya mwingine, akikung'uta udongo, akiweka pembeni, bila haraka, kama alivyoagizwa. Nilimchukia yule kijana, viatu vyake, kitambaa chake, na jinsi alivyogeuza uso kutoka kwenye samadi huku akiitolea amri. Na kadiri nilivyomtazama ndivyo nilivyozidi kumfahamu, maana mtu wa kugeuza uso na kukwangua nilikuwa mimi.

Nikasogea hadi mwisho wa mstari, karibu na lundo. Nikachimbua miche mitatu kwa vidole, na udongo wake. Jua lilikuwa kali, na majani yalianza kunyong'onyea mkononi. Hadi nyumbani ni mwendo wa mlima. Mizizi ilihitaji kitu cha unyevu cha kuishika, na kwenye lundo kulikuwa na mavi ya asubuhi hiyo hiyo, bado yana mvuke.

Nikatia mkono.

Yalikuwa na joto. Hilo ndilo sikulitegemea, joto lile, na jinsi yalivyoingia katikati ya vidole na chini ya kucha na kujaza pete yangu ya ndoa. Nikachota, nikaizungushia mizizi, nikakanda bonge, nikachota tena. Machozi yalikuwa yananitoka na pumzi nimeibana. Mabonge matatu niliyafunga ndani ya kanga tumboni, majani yameinamia ndani, nikashika njia.

Katibu akanikuta penye lango. "Ndugu, umebeba nini tumboni?"

"Mavi ya ng'ombe," nikasema, na nikamwinulia mikono yote miwili.

Akaruka nyuma. Kitambaa kikaenda puani, na mkono mwingine ukanipungia nipite, nipite haraka. Nikapita.

Nilipanda miche ile pale pale kwenye ardhi tupu ya mama mkwe, na mabonge yake, kama alivyoniambia. Nilipomaliza nikaenda nyuma ya migomba nikatapika hadi ikabaki nyongo. Ndipo aliponikuta, ametoka kazini. Akatazama miche, akatazama mikono yangu iliyokuwa ya kijani hadi kwenye viwiko. Akaingia ndani akaleta maji, si kata moja, ndoo nzima, akanimiminia mwenyewe.

"Mama, mimi sitaweza kuzoea," nikamwambia huku nalia. "Wewe uliwezaje kuzoea?"

"Nani kakwambia nimezoea?"

Nikaacha kusugua kucha.

"Tangu nilipoolewa hadi leo, nikiyashika nabana pumzi. Kila mwaka. Nikimaliza kubandika cha mwisho natoka, naja hapa hapa nyuma ya migomba, natema mate kama unavyotema wewe. Ila wewe unakuwa umeshamaliza na kwenda zako. Hukuwahi kuniona." Akaendelea kumimina maji. "Ulidhani sisi hatuna pua?"

Nilikuwa nimedhani hivyo hasa. Nilidhani kinyaa ni kitu nilichopanda nacho kutoka mjini, kimo sandukuni pamoja na cheti. Nikaendelea kusugua kucha.

Mgeni wa Same hakuja. Gari lake lilipita barabara ya chini likiwa limefunga vioo, likaenda kijiji kingine chenye barabara nzuri. Kabichi zililiwa na viwavi hadi kwenye vikonyo. Miche yangu miwili ilikufa, mmoja ukashika, ukatambaa, ukapanda hadi juu ya paa la zizi, ukatupa maboga manne ya kijani kilichoiva karibu kuwa cheusi.

Siku tuliyopasua la kwanza, mama mkwe alizikusanya mbegu zote kwenye ungo, akazisafisha, akaniwekea mapajani. Halafu akaleta karai la mavi mabichi, akalitua mbele yangu, akamwaga majivu. Ukuta ulikuwa bado mweupe, chokaa yangu ya mikono mitatu. Nikasubiri achuchumae tuanze.

Hakuchuchumaa. Akavuta upindo wa kanga yake akaufunika puani, kitu ambacho sikuwahi kumwona akikifanya.

"Ni zako sasa," akasema. "Mimi natoka nje."

Akatoka. Nilimsikia akitema mate nyuma ya migomba. Hakugusa tena mavi ya ng'ombe hadi alipofariki. Mimi nayashika kila mwaka hadi leo, na kila mwaka nabana pumzi.